Wanawake 50 wa Ngomeni

Sisi wa Mji wa Kale, Mombasa, tumekua tukisikia kwamba Mwarabu ndiye aliyemtoa Mreno Ngomeni, yaani Fort Jesus. Ni kweli. Lakini kisa kikisimuliwa hivyo huwa ni ugomvi wa wageni wawili, na wenyeji hatuwaoni tena. Mimi kila nikisoma habari za Ngome kuzingirwa na Waomani, 1696 hadi 1698, majemadari hawanikai moyoni. Wanaonikaa ni wanawake 50.

Wamombasa walikuwa wamechoshwa na Wareno, na Omani ilishawafukuza Muscat tangu 1650. Majeshi ya Imamu Saif bin Sultan, mtawala wa Omani, yakafika Mombasa Machi 1696. Kisiwa chenyewe hakikuwasumbua. Kilichowashinda ni ile ngome juu ya mwamba wa matumbawe, na Wareno, askari wasiofika hata mia, wakajifungia humo pamoja na wenyeji wengi zaidi yao.

Wenyeji hao walifuata nini kwa Mreno? Hapo ndipo watu wengi hukunja uso nikiuliza. Pate, kule visiwa vya Lamu, ilikuwa upande wa Omani, na Faza, iliyo kisiwa kimoja na Pate, ilikuwa na uhasama nayo wa siku nyingi. Basi Bwana Dau wa Faza, wengine humwita Daud, akaingia Ngomeni na watu wake. Malkia Fatuma wa Unguja naye akawa anapeleka chakula. Mimi siwezi kuwaita wasaliti. Kila mji wa pwani ulikuwa na hesabu zake na adui zake, na taifa la kusaliti halikuwepo.

Msaada wa Wareno ulitegemea upepo. Meli za Goa, makao yao ya India, zilikuja na kaskazi. Kaskazi ikiisha, aliye ndani hana ila kungoja. Mwisho wa 1696 meli zilifika na watu wapya, lakini maradhi yakaenea Ngomeni, yakawamaliza mmoja baada ya mwingine. Hata kamanda, António Mogo de Melo, akafa Agosti 1697. Waliobaki ni Bwana Dau na jamaa zake 17, wanaume 8 wa Kiafrika, na wanawake wapatao 50 wa Kiafrika.

Hao ndio walioilinda Ngome ya Mfalme wa Ureno hadi meli nyingine zilipofika Septemba! Fikiria urefu wa kuta zile, na kila upande unahitaji macho usiku na mchana. Kuna maji ya kuteka, wagonjwa wa kuuguza, maiti wa kuzika kwenye ua uleule ambao watu wanalala. Na nje kuna jeshi linalongoja usingizi tu uwachukue. Kazi hiyo yote iligawanywa kwa watu wasiofika 80, na wengi wao wanawake.

Majina yao hayakuandikwa. Jina la meli moja ya Wareno tunalo: Santo António de Tanna, iliyozama mbele ya Ngome Oktoba 1697. Wapiga mbizi waliichimbua kuanzia 1977, na vitu vyake viko makumbusho pale pale. Nimesimama mbele ya vitu hivyo mara nyingi, na sijaacha kusikia uchungu kwamba vitu vya meli vimetunzwa kwa uangalifu mkubwa kuliko kumbukumbu ya akina mama wale.

Ngome ilianguka Desemba 13, 1698, baada ya miezi 33. Meli za msaada kutoka Goa zilifika siku chache baadaye, zikakuta bendera si yao, zikageuza. Malkia Fatuma alichukuliwa hadi Muscat.

Ningependa kuona ukuta mmoja Ngomeni umeandikwa habari za wale 50, kwa Kiswahili, maandishi makubwa ambayo mtoto wa shule anaweza kuyasoma akiwa kwenye foleni. Na kama kuna mzee wa Faza, Siyu au Pate anayesoma hapa, na kwao kuna simulizi ya Bwana Dau au ya wanawake waliokuwa naye, hata iwe kipande tu, naomba aniandikie. Nitakuja mwenyewe na daftari.