Kumbukumbu ya mradi: nyumba ya tano, na vile tulianzaka

Leo siku ya posho (jumamosi) tumemaliza kupigilia mbao za upande wa barabara, inabakia manjanja (mabati) mbili na mulango. Huku kwetu Goma chini ni mawe ya volkano tupu, hauwezi chimba fasi ya nguzo, unapanga mawe moja moja mupaka inakaa sawa ndio unasimamisha nyumba juu yake, hiyo peke ilitukula siku mbili. Choo ndio sitaki hata kuongea, baramini, kile chuma kirefu ya kuchimbia, inarukaruka kwenye jiwe na mikono inabaki inatetemeka mupaka usiku.

Batu bananiulizaka nani alianzisha hii kazi ya kujenga nyumba, banazani kuko muzungu fasi. Hapana, ilianza na likelemba ya bamama ya hapa mtaani, ule muchango kila mutu anatoa, na mumoja anakula yote kwa zamu. Volkano ya Nyiragongo ilishuka tarehe 22/5/2021, siku ya posho vilevile, magaribi, mbingu yote nyekundu, na tarehe 27 bakatuambia tutoke mu mji, tukatembea kwenda Sake na magodoro kichwani. Kurudi, mama moja wa Buhene akakuta fasi ya nyumba yake ni jiwe leusi lingali na moto. Akalala na batoto banne mu darasa ya masomo, masomo ikafunguliwa, bakaambiwa batoke.

Alikuwa anauza makala, kodi ya mwezi angeipata. Lakini bayere (benye nyumba) bote walitaka garanti, ile feza ya kuweka mbele ya kuingia, ya myezi tatu mara moja! Minaona ndiyo hiyo inawekaka batu inje, si kodi, ni garanti, na ninasema ivi kila fasi naenda.

Ile posho zamu ya kula likelemba ilikuwa ya jirani yetu mushonaji, alikuwa anangojea makuta (feza) ya kuuza masini ya kushonea. Akahesabu mbele yetu sote, akafunga mu kitambaa, akampa yule mama bila kusema kitu. Tukanyamaza. Posho iliyofuata kila mutu akaongeza kidogo juu ya likelemba, tukaita hiyo ingine kisanduku ya garanti, nyuma ndio tukaanza na kujenga.

Yule mama wa makala leo ndiye anashika ufunguo ya kisanduku, na asubui alikuja na misumari kilo mbili. Mushonaji alipata masini yake mwaka uliofuata.

Wiki ijayo: mulango, na kutafuta shitingi (turubai) ya kufunika choo mbele mvua haijaanza.