Haitakuwa Hivyo Kwenu

Bwana asifiwe, wapendwa.

Wiki hii suala la madaraka limenikaba. Uchaguzi wa jumuiya yetu umekaribia, nami nimekuwa mweka hazina kwa miaka mingi. Kila nikipiga magoti, moyo unaniambia: vijana hawa bado, watavuruga. Nikiwa katika hali hiyo, nikasoma habari za Aundh.

Aundh ulikuwa ufalme mdogo huko Maharashtra, India, vijiji 72 tu. Waingereza waliwaacha watawala wa namna hiyo kwenye viti vyao mradi wautii utawala wa Kiingereza. Kwa mkulima wa kijijini, basi, neno la raja ndilo lilikuwa sheria. Raja Bhawanrao alikalia kiti hicho tangu 1909. Mwaka 1938, akiwa na miaka 70, hajapinduliwa wala hajashindwa vita, akatangaza kwamba anawakabidhi raia wake madaraka. Gandhi akasaidia kuandaa katiba, ikatoka 1939, na vijiji vikachagua mabaraza yao, panchayat. Wengi wa wakulima wale hawakujua hata kusoma! Raja hakungoja wasome kwanza. (Mwanawe Apa Pant, aliyeshiriki kazi hiyo, ndiye aliyekuja Nairobi mwaka 1948 kuiwakilisha India Afrika Mashariki.) Mwaka huohuo wa 1948 Aundh ikaunganishwa na India huru.

Raja yule alikuwa Mhindu. Bwana wetu alisema wakuu wa Mataifa huwatawala watu kwa nguvu, "lakini haitakuwa hivyo kwenu." Sasa ikiwa mtu wa Mataifa ameweza kuachia ufalme, sisi tunang'ang'ania nini? Muhuri? Funguo za stoo ya kanisa? Wazee wangu, naomba mnivumilie niseme wazi: wapo kati yetu wanaoita "kulinda kazi ya Mungu" kile ambacho ni kupenda kiti. Tunawanyima vijana nafasi, kisha tunawalaumu kwamba hawana uzoefu. Wataupata wapi?

Musa alimwekea Yoshua mikono angali hai, mbele ya kusanyiko lote, akampa sehemu ya heshima yake. Hakungoja mazishi. Ndugu zangu, tuwaite vijana sasa, tukae nao, tufungue vitabu vya hesabu ukurasa kwa ukurasa, wakosee na kurekebishwa tungali na nguvu za kujibu maswali yao.