Bunduki Iliyobaki Kwenye Karatasi

Mwanzoni mwa 1977 nilikuwa mwanagenzi katika karakana ya bunduki nyuma ya Mtaa wa Biashara, hapa Nairobi. Kazi yangu ilikuwa mbao: kukata vitako, kupiga msasa, kupaka mafuta, kusubiri yakauke, kupaka tena. Fundi wangu, mzee wa Kihindi mzaliwa wa Mombasa, ndiye aliyeshika vyuma. Nilimwita Mzee, naye akaniita kijana hata nilipokuwa nimeoa.

Mteja aliyetuletea kazi hii alikuwa mwindaji wa kulipwa, aliyekuwa akiwapeleka wageni porini. Alikuja pamoja na Mkamba mmoja, mtu mzima, aliyemsomea nyayo na kumbebea bunduki. Uwindaji wa ndovu ulikuwa umepigwa marufuku tangu 1973. Bunduki aliyoitaka ilikuwa ya nyati.

Alikuwa nayo tayari ya .416 Rigby (namba ni unene wa kichwa cha risasi kwa inchi, na Rigby ni jina la aina ya risasi), nzima kabisa, tena nzuri. Shida ilikuwa risasi. Kynoch, kiwanda cha risasi cha Uingereza, kilikuwa kimeacha kuzitengeneza miaka michache nyuma, na zile chache alizobaki nazo alizitunza kama dawa. Ndipo akatuwekea mezani karatasi yenye michoro ya .416 Taylor, risasi iliyobuniwa na Mmarekani Robert Chatfield-Taylor. Wakati huo hakuna kiwanda kilichokuwa kikiiuza. Marekani risasi za namna hii huitwa waildikati: mtu anachukua ganda la kiwandani, analibana shingo au kuitanua, kisha anachongesha mtutu wa kulipokea.

Wazo lenyewe halikuwa la kipuuzi hata kidogo. Ganda la Rigby ni refu na nene, linadai Mauser, bunduki ya bolti ya Kijerumani, ya saizi kubwa, na hizo zilikuwa adimu na bei yake haikushikika. Taylor hutokana na ganda la .458 Winchester Magnum, iliyotoka 1956 na ambayo ilipatikana. Ganda hilo lina urefu wa inchi 2.5, kwa hiyo linaenea katika Mauser 98 ya kawaida. Na bado linasukuma kichwa cha unene uleule, chenye uzito wa grini 400 (gramu 26 hivi), kwa kasi inayokaribia futi 2,400 kwa sekunde, sawa na Rigby.

Mzee alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Bwana, risasi zikikuishia Marsabit, utanunua kwa nani?"

"Na za Rigby nanunua kwa nani, Mzee?"

Hapo wakabishana mpaka chai ikapoa. Mzee alikuwa upande wa risasi ya .375 ya Holland & Holland, ya tangu 1912. Hoja yake nyingine ilikuwa nzito zaidi: ganda dogo likifanya kazi ya ganda kubwa, shinikizo ndani ya chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa, hupanda. Kwenye jua kali, ganda linaweza kung'ang'ania ukutani mwa chemba likakataa kutoka, na nyati hamngojei mtu apige bolti, komeo linalofunga chemba na kutoa ganda, kwa kiganja. Mwindaji akajibu kwamba angepunguza baruti kidogo na kuridhika na kasi ndogo. Nilimwona Mzee akilegea kwa jibu hilo. Mtu aliyekuwa tayari kupoteza kasi ili ganda litoke, huyo alistahili kujengewa.

Akachukua ganda tupu la .458, akalipaka mafuta kwa ncha ya kidole, akalisukuma ndani ya kalibu ambayo mwindaji aliagiza Marekani. Lilipotoka lilikuwa limepata bega pale ambapo awali halikuwa na bega lolote, lilikuwa limenyooka tu kutoka mshipi, ile pete nene ya kitakoni mwa ganda, hadi mdomoni. Akanipa nilipapase. Upande mmoja wa bega palikuwa na kibonyeo kidogo. "Mafuta yamezidi," akasema. "Mafuta hayabanwi, kijana. Yakikosa pa kwenda, yanabonyeza shaba." La pili akalipaka kidogo sana, nalo likatoka safi.

Kisha wakapanga. Mtutu wa inchi 24, michirizi ya ndani ikizunguka mara moja kila inchi 14. Hapo Mkamba, aliyekuwa kimya muda wote, akasema, "Mzee, kabla hujaandika, anayeibeba ni mimi." Akasimama, akaweka fimbo begani, akatuonyesha jinsi mtutu mrefu unavyonasa kwenye kichaka mtu anapoinama. Wakaupunguza hadi inchi 22. Kwangu mimi yale ndiyo maneno yenye akili kuliko yote yaliyosemwa siku ile, na nilipenda kwamba hakuna aliyeyapinga.

Mbao ya kitako, ya mti wa jozi, niliichagua mimi. Niliilowesha maji nione nyuzi zake, nikaigeuzageuza mpaka nikapata pale ambapo nyuzi zinapita moja kwa moja katika shingo ya kitako, kwa sababu bunduki yenye teke kama hilo hupasua shingo yenye nyuzi za mkingamo. Mzee akaweka alama mbili za penseli: hapa pini ya chuma, na hapa nyingine, za kuzuia mbao isifunguke nyuma ya mtambo wa vyuma wenye bolti. Kekee ya kuchonga chemba ikaagizwa Marekani.

Mwezi Mei serikali ikapiga marufuku uwindaji nchini kote. Chama cha wawindaji wa kulipwa wa Afrika Mashariki, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1934, kikavunjwa mwaka huohuo. Kekee yetu ilifika baada ya hapo, imefungwa kwenye karatasi ya mafuta. Mwindaji alilipa kila senti aliyodaiwa, akachukua kekee na mbao, akahamia Zambia. Mkamba alirudi kwao Kitui.

Siwezi kusema marufuku ile ilikuwa mbaya. Ndovu na vifaru walikuwa wakimalizwa na majangili. Lakini kazi ya mikono ile niliipenda, na bunduki ile nilitaka kuiona.

Mwaka 1988 Remington ilitoa .416 yake, iliyotengenezwa kutokana na ganda la kampuni hiyohiyo, risasi ya kununua dukani. Nilimpelekea Mzee habari hizo nyumbani kwake Parklands. Alisoma vipimo vyote mpaka chini, akavua miwani.

"Hii," akasema, "ningemjengea bila kubishana."