Ufa uliokuwa ukirudi kila kiangazi

Nyumba yetu iko Kitengela, juu ya ule udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likikaza. Kona ya chumba cha watoto ilitoa ufa uliopanda kama ngazi kutoka msingini hadi dirishani. Mara mbili niliuziba kwa plasta, mara mbili ukarudi.

Mara ya tatu sikushika mwiko wa plasta. Nilichora alama za penseli pande zote mbili za ufa, nikawa napima kila mwezi: kiangazi milimita 7, masika 3. Kumbe tatizo halikuwa ukuta. Msingi ndio uliokuwa ukipanda na kushuka. Tulipochimba tukakuta umeishia sentimita 60, bado ndani ya udongo mweusi, na bomba la paa likimwaga maji yote pale pale konani.

Fundi alichimba chini ya msingi hadi kwenye murami, ule udongo mgumu wenye changarawe, mita 1.5, akajaza zege. Hapa nasisitiza: ni vipande vya mita moja moja, kimoja kikomae ndipo cha jirani kichimbwe. Ukifukua chini ya ukuta mzima kwa mpigo, ukuta unaweza kumwangukia mtu. Pengo lililobaki juu ya zege tulilishindilia saruji na mchanga wenye unyevu kidogo tu, ili msingi ukalie zege kweli.

Maji ya paa sasa yanaingia tangini. Kwenye ufa tulilaza nondo za milimita 6 katika viungo vya mawe. Misimu miwili ya mvua imepita, zile alama za penseli hazijasogea.