Siku moja maishani mwangu: kwenye benchi na PF3 mkononi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Simu inaita kabla sijawasha jiko. Ni mama mmoja wa huku kwetu Igoma, Mwanza: "Dada, nimetoka na mtoto tu." Kapigwa na mumewe. Namwambia asilifue gauni lenye damu, ni ushahidi.

Riziki yangu ni vitenge sokoni, lakini pia ni msaidizi wa kisheria wa kujitolea. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatutambua, ingawa si mawakili na hatusimami mahakamani kumtetea mtu. Niliianza kazi hii baada ya mdogo wangu kuuawa na mumewe. Kila alipokimbilia nyumbani wazee walikaa kikao, mume akaomba radhi, naye akarudishwa. Kikao kilichofuata kikawa cha mazishi.

Saa mbili tuko kituo cha polisi, Dawati la Jinsia na Watoto. Askari wa zamu anamsikiliza bila kumkatisha, anaandika maelezo, anatoa PF3, fomu ya polisi ambayo daktari hujaza majeraha aliyoyakuta.

Saa tatu hospitalini. Daktari wa kujaza fomu yuko chumba cha upasuaji, tusubiri.

Watu hudhani kazi yetu ni semina na fulana za Siku 16 za Kupinga Ukatili. Kazi yenyewe iko kwenye benchi hili. Hapa ndipo kesi nyingi hufa, kwa sababu ndugu hufika kabla ya daktari.

Walifika. Baba mdogo wa mume, na mama mkwe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mwanangu, hatukuja kwa shari. Haya ni ya ndani, tuyamalize kifamilia."

Nikatoa nakala niliyonayo siku zote mkobani, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66: hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake, hata mila ikisema vingine. Nikamsomea taratibu, kwa adabu. Akasema sheria hizo hazijengi nyumba. Akahamia kwenye aibu ya ukoo, kisha kwenye ada za shule, kisha kwenye nauli aliyotumia kuja. Mama mkwe hakubishana. Alinyoosha mikono kwa mtoto: "Mjukuu wangu ana njaa, lete nikamnyweshe uji."

Mbinu hiyo naijua. Mtoto akishaondoka, mama humfuata. Nikamwita mama lishe wa getini atuletee uji pale pale.

Jua lilihama upande wa pili wa baraza, na yule mzee bado anaongea. Mgongo unaniuma, sijala, wateja wa vitenge wamepiga simu hadi wamechoka. Ndipo yule mama, aliyenyamaza tangu asubuhi, akainua uso uliovimba: "Baba, mwaka jana mliniambia haya haya, kwenye benchi hili hili."

Mzee akakosa la kusema. Nilijisikia fahari kubwa, kwa ajili ya yule mama na kwa ajili ya mdogo wangu.

Daktari alijaza PF3 jioni. Tukairudisha kituoni, tukapewa namba ya jalada. Mume hajakamatwa. Leo mama na mtoto wanalala kwa dada yake, kata nyingine. Nimeshaongea na mwenyekiti wa mtaa wa huko, na namba ya mkuu wa dawati anayo. Saa mbili asubuhi tunakutana kituoni kuuliza wamefikia wapi.