Siku moja maishani mwangu: meza ya mtu mmoja

Saa 12:30 asubuhi. Naondoka Chumbageni kwa bajaji, simu ya kazi bado nimeizima. Nimejizuia kuwatumia wenzangu ujumbe usiku tangu nilipogundua kwamba sehemu kubwa ya uchovu niliokuwa nikiulalamikia ofisini nilikuwa nikiutengeneza mwenyewe nikiwa kitandani.

Saa 1:30. Kazi yetu ni kuwatolea wateja mizigo katika bandari ya Tanga. Nafungua kwanza daftari la saa za ziada. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaruhusu saa 45 za kawaida kwa wiki, na za ziada zisizidi 50 katika wiki 4. Karani wetu wa nyaraka amekwisha kufikisha 46, na wiki ya nne ndiyo kwanza inaanza. Namwondoa kwenye zamu ya jioni.

Saa 4:00. Namwita. Kijana huyu hakuwa mtu wa kukosea, lakini mwezi huu amekosea namba za kontena mara mbili, na jana alimjibu mteja, "Mimi sijui, kaulize huko." Shirika la Afya Duniani huielezea hali hii ya kuchoshwa kupita kiasi na kazi (kwa Kiingereza, burnout) kuwa ni jambo la kikazi wala si ugonjwa: nguvu humwishia mtu, kazi humchukiza, kisha ufanisi hushuka. Laiti ningalijua hayo mapema, nisingalimwandikia onyo mwenzake aliyeacha kazi mwaka jana.

"Dada, kazi siiogopi," ananiambia huku akikunja na kukunjua kona ya risiti. "Ila hata nikilala nasoma namba."

Namkumbusha siku zake 28 za likizo, ambazo hajagusa hata moja. "Nikiondoka, meza yangu nani ataishika?" Sina jibu, na kosa ni letu: hatukumfundisha mtu mwingine kazi yake.

Saa 7:00 mchana. Tunafunga mlango kwa saa nzima. Wateja hunung'unika, kisha huzoea.

Saa 8:15. Alasiri yote inakwenda kwa mafunzo. Binti wa mapokezi anaketi kando ya karani, anajaza hati tatu za mzigo uliokwisha kutoka, anakosea mbili, anarudia. Mkurugenzi anapiga simu akitaka kontena litoke leo usiku; namwambia kesho asubuhi, na baada ya kimya kirefu anakubali.

Saa 11:00 jioni. Karani ananiletea fomu ya likizo. Ameomba siku 3. Namrudishia pamoja na kalamu.