Siku Moja ya Fundi wa Redio Arua: Nyimbo Zinazopigwa Majumbani

Anayetaka kujua watu wa Arua, mji wetu wa kaskazini-magharibi mwa Uganda, wanasikiliza nini wakiwa nyumbani asiende baa wala kituo cha mabasi, kwa sababu huko nyimbo huchaguliwa na mwenye spika kubwa. Aje kwenye karakana ya fundi wa redio. Sabufa nyingi huletwa kwangu zikiwa bado na memori kadi au flashi ya mwenyewe, nami huomba ruhusa ya kujaribu kazi yangu kwa nyimbo zake, kwa kuwa sikio lake linazijua na litatambua mara moja kama besi imepungua au sauti inakwaruza. Ninayoieleza hapa ni siku ya Ijumaa.

Saa kumi na mbili asubuhi

Mke wangu huwasha redio kabla ya kuwasha jiko, na kwetu redio maana yake ni Radio Pacis, kituo cha Dayosisi Katoliki ya Arua kilichoanzishwa mwaka 2004, ambacho huzungumza na watu wa West Nile, eneo letu hili, kwa lugha zao, zikiwamo Kilugbara, Kialur, Kimadi na Kikakwa. Asubuhi hiyo ilikuwa kwaya iliyosindikizwa na adungu, kinubi chenye shingo iliyopinda ambacho asili yake ni kwa Waalur. Makanisa ya huku hupiga adungu za ukubwa mbalimbali kwa pamoja, ndogo zikiongoza wimbo na ile kubwa kabisa ikishika besi. Mtangazaji aliitaja kwaya na parokia yake, jambo ambalo kwangu si dogo, kama itakavyoonekana mbele.

Saa mbili

Nilifungua karakana na kukuta sabufa mbili zikinisubiri. Tangu mji wetu uunganishwe na gridi ya taifa mwaka 2024, kazi za sabufa zimeongezeka, ilhali zamani meza yangu ilijaa redio ndogo za betri na za sola. Ya kwanza ilitoka mtaa wa Ediofe, karibu na kanisa kuu, na kadi yake ilikuwa na nyimbo za dini tupu: za Kilugbara, za Kiganda, na za Kiswahili kutoka Kenya na Tanzania. Kapasita ya upande wa umeme ilikuwa imevimba. Niliibadilisha, sauti ikarudi.

Nilipoifungua kadi ile kwenye kompyuta nilikuta lile linalonisumbua kila siku. Faili karibu zote ziliitwa «Audio» na namba. Nyumba nzima inaamka na kulala na sauti za watu hawa, inawajua kwa pumzi zao, lakini jina la mwimbaji limepotea njiani, kwenye kunakiliwa kutoka simu hadi simu na kutoka kadi hadi kadi. Sheria ya hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mtunzi haki ya kutajwa kuwa mwenye kazi yake, lakini kadi haijui sheria. Ndiyo maana nina daftari ambalo ndani yake huandika wimbo, lugha, nyumba ulikotoka, na jina la mwimbaji mtu yeyote anaponitajia. Kisha huandika jina hilo kwenye faili yenyewe, bila malipo.

Saa nne

Hajati mmoja wa mtaa wa Oli, wa jamii ya Wanubi, aliingia na redio kaseti iliyofungwa kwenye kanga. Tulisalimiana, akaketi, akasema, «Mwanangu, humu mna doluka la arusi ya dada yangu. Hii ikikatika, hakuna nyingine.»

Doluka ni ngoma na nyimbo za Wanubi, na kwenye arusi zao ni wanawake wanaotawala uwanja. Nilipobonyeza, sauti zilitoka nzito na za kuburuta, na Hajati akatikisa kichwa kwamba sivyo walivyoimba. Kanda ya kaseti hutakiwa kupita mbele ya hedi, kile kichwa kinachoisoma, kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde. Mpira wa mota ulikuwa umelegea kwa uzee, kwa hiyo kila kitu kilikwenda polepole. Niliweka mpira mpya, nikaisafisha hedi kwa spiriti, nikarekebisha mwendo hadi Hajati mwenyewe aliposema, «Hapo, hapo hasa.»

Kisha tulianza kunakili. Kaseti ya dakika 60 ina dakika 30 kila upande, na hakuna njia ya kuiharakisha bila kuiharibu. Lazima isikilizwe yote, kwa mwendo wake. Jambo hilo, ambalo mafundi wengi wa umri wangu huliona mzigo, ndilo lililotupa nafasi. Kila sauti mpya ilipoongoza, Hajati alinyoosha kidole na kunitajia mwimbaji, nyumba aliyoolewa, na kama yu hai. Niliandika kwa haraka kuliko ninavyoandika hati za malipo. Sauti moja ilimshinda. Aliomba niirudishe, akafumba macho, na bado jina halikuja. Nilimwandikia namba ya dakika ambapo sauti ile inaingia, ili akaulize.

Saa saba

Wengi walikwenda sala ya Ijumaa, na redio za mtaa zikapunguzwa. Nilikula enyasa, ugali wa huku kwetu, na samaki, nikarudi kazini.

Saa nane

Kijana wa bodaboda alileta spika ndogo iliyoingia maji. Kadi yake ilikuwa na Joshua Baraka, muziki wa Nigeria, na nyimbo nyingi za Eddy Kenzo, aliyeshinda tuzo ya BET mwaka 2015 na baadaye kuwa Mganda wa kwanza kuteuliwa kuwania Grammy. Hata mwanamuziki wa kiwango hicho alikuwa amepoteza jina: mahali pa jina lake palikuwa na anwani ya tovuti iliyosambaza faili. Nilisahihisha. Nilipomuuliza kama hizi ndizo nyimbo za nyumbani kwao, alicheka: «Fundi, hizi ni za barabarani. Nyumbani redio ni ya mama, na mama ni Lingala mwanzo hadi mwisho.»

Ninamwamini. Mpaka wa Kongo uko karibu sana nasi, na soko letu limekuwa likipokea muziki wa Kongo pamoja na vitenge tangu nikiwa mtoto.

Saa kumi

Nilipanda hadi Mvara kwa mwalimu mstaafu ambaye seti yake ni nzito mno kubebwa. Huyu ndiye mteja ambaye ningependa kila mwenye kadi amtembelee. Ana sahani za santuri za Franco, mwanamuziki wa rumba wa Kongo, na bendi yake ya TPOK Jazz, na kwenye kila jalada ameandika kwa kalamu nani anaimba, nani anapiga gitaa la solo, nani ametunga. «Rumba si ya mtu mmoja,» aliniambia wakati nikibadilisha waya wa sindano. «Ukisema Franco tu, umewanyima haki waliosimama nyuma yake.» Mwaka 2021 UNESCO iliiorodhesha rumba ya Kongo kuwa urithi wa utamaduni kwa ombi la Kongo zote mbili, lakini Mwalimu alikuwa akiitunza orodha yake muda mrefu kabla ya hapo. Alinipigia pia Samba Mapangala, mwimbaji mzaliwa wa Kongo, akanikumbusha kwamba kabla ya kufika Nairobi na kuimba Kiswahili tunachokijua sote, msanii huyo alipitia Kampala katika miaka ya 1970. Niliondoka nimechelewa, na daftari lilikuwa limeongezeka kurasa.

Saa kumi na mbili jioni

Nilikuwa nikifunga mlango alipofika mama mmoja wa Kimadi kutoka Moyo, aliyehamia mjini na watoto wake. Redio yake ilihitaji tu kulehemiwa waya wa betri. Kadi ilikuwa na nyimbo za watoto, mahubiri, na rekodi moja ya o'di, zeze la Wamadi, ambalo muziki na ngoma yake viliwekwa na UNESCO mwaka 2016 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Ilirekodiwa kwa simu, kuku wanasikika. Faili iliitwa «Audio 014».

«Ni nani anayepiga, mama?»

«Baba mdogo wangu. Watoto hawalali bila yeye.»

Nilimuuliza tuandike nini. Alifikiri, kisha akanitajia jina kamili la mzee, la ukoo na la ubatizo, na jina la kijiji, akataka yote yaandikwe, hata kama kioo cha redio hakitoshi kuyaonyesha. Niliyaandika yote.

Saa tatu usiku

Nilihamishia majina ya siku hiyo kutoka daftarini hadi kwenye kompyuta. Upande wa pili wa kaseti ya Hajati utanakiliwa kesho saa mbili, kabla wateja hawajawa wengi. Amepiga simu kusema atakuja na dada yake, yule bibi arusi mwenyewe, ambaye anasema anaikumbuka ile sauti tuliyoshindwa kuitaja.